Mimba ya Ngapi?

Kliniki ile ilikuwa na desturi ambayo wanaume wa Makongeni waliiogopa na wake zao wakaipenda: mama aliyekuja na baba wa mtoto huingia kwanza. Aliyekuja peke yake hukaa kwenye benchi akiangalia kucha zake mpaka zamu ifike. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye benchi refu lililojaa matumbo ya kila ukubwa, kulikuwa na mwanamume mmoja tu. Na kwa bahati mbaya ya wote waliotaka utulivu, mwanamume mwenyewe alikuwa Mutie.

"Hamjambo akina mama," alisema akiinua kofia. "Waume wenu wamenituma niwawakilishe. Mwenye malalamiko aseme, nitayafikisha."

"Hebu niazime mkono wako mpaka pale mlangoni," akamjibu mama mmoja ambaye tumbo lake lilikuwa limeshafika magotini. "Nikishaingia nitakuachilia, usijali."

"Muulize mwenye mali." Mutie alimwelekezea Khalayi kidole. "Huyu ni mkali. Juzi nimemsalimia muuza nyanya tu, salamu ya Kikristo, nikalala njaa."

Benchi lote likacheka. Khalayi naye akacheka, akamfinya paja, macho yakiwa kwenye mlango wa kliniki. Miezi mitano alikuwa ameikwepa kliniki hii kwa visingizio: mara kazi, mara mvua, mara "nitaenda wiki ijayo, babe." Mutie alidhani anaogopa sindano. Lakini Khalayi alijua kitu kingine. Alijua wanachouliza humo ndani, kwa sababu aliwahi kuulizwa.

"Mutie, nyamaza," alisema Mama Mbeti, mama yake Mutie, kutoka upande wa pili, kiondo kikiwa mapajani. "Hapa ni hospitali. Si stendi."

"Mwaitu, mgonjwa asiyecheka hapati nafuu."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Mapenzi, Mwaitu. Mwangalie mwenyewe huyu, unilaumu."

Mama Mbeti hakumwangalia. Au alimwangalia kidogo, kwa pembe ya jicho. Mwaka mzima alikuwa amekaza mdomo kila akisikia jina la Khalayi. Alikuwa amemtafutia mwanawe msichana wa kwaya, Mkamba wa Machakos, mwenye sauti ya pili na adabu ya kwanza. Mutie akaja na Mluhya wa kufunga sabuni kiwandani Baba Dogo.

Na walivyokutana ni aibu kusimulia. Mutie alipeleka mzigo pale kiwandani, akarudisha pikapu nyuma, akaponda kibakuli cha githeri cha Khalayi kilichokuwa kimewekwa kando ya geti. Kesho yake akaleta chapati za kuomba msamaha. Akaleta tena. Akazidi kuleta, mpaka Khalayi akaanza kujiuliza kama ile ajali ilikuwa ajali kweli. Alipomuuliza, Mutie alimtazama kwa yale macho yake ya kitoto, akasema, "Githeri ilikuwa inasimama njiani mwangu." Siku hiyo Khalayi alijua amekwisha.

Sasa mama alikuwa amekubali, shingo upande lakini amekubali. Jumamosi wazee wa kina Mutie wangepanda Bungoma kwa baba yake Khalayi na mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao, kwa Wakamba, mwanamke ni mgeni aliyelala tu, na mtoto atakayemzaa ni wa babu yake mzaa mama. Wakifika mbuzi, yeye ni mke, na mtoto ni wao.

Ila baba mdogo, Mzee Nzau, aliuliza swali moja pale sebuleni mbele ya ukoo wote. "Kwao hakuna mifugo ya mwanamume mwingine? Hatupeleki mbuzi kwa boma ambalo mtu ameshatangulia."

Mutie alicheka. "Baba, mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho. Naapa."

Khalayi alikuwa jikoni siku hiyo, ameshika birika la chai. Alisikia kila neno.

"Wenye kuja wawili!" Mlango ulifunguliwa. "Karibuni."

* * *

Mkunga aliitwa Sista Wacera, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mikono ya joto. Alimsimamisha Khalayi ukutani akapima urefu, akampandisha kwenye mizani, akamfunga mkono kwa mashine ya presha.

"Iko juu kidogo," alisema. "Umekimbia kuja hapa?"

"Hapana, Sista."

"Basi kuna kitu unaogopa. Wengi huogopa, siku ya kwanza. Hatuli mtu hapa." Akamgeukia Mutie. "Baba, hongera kwa kuja. Lakini huwa naongea na mama peke yake kwanza, kidogo tu. Nikusubirishe hapo nje."

Mutie alishika kifua. "Sista! Tumetoka nyumbani pamoja, tumekula mkate mmoja, unanitoa nje kama paka?"

"Ni utaratibu."

"Babe," alimgeukia Khalayi, bado anacheka, "kwani kuna kitu utasema ambacho mimi sikijui?"

Mlango ulikuwa hapo, wazi nusu. Angesema tu, "Toka kidogo, mpenzi, ni mambo ya wanawake," na Mutie angetoka akiimba. Lakini macho ya Mutie yalikuwa yamemkalia usoni, yamemwamini kabisa, na Khalayi akaona akisema "toka," hayo macho yatauliza kwa nini.

"Akae tu, Sista," alisema.

Sista Wacera alimtazama kidogo, akarudisha mlango. Akaketi, akavaa miwani.

Alianza na maswali. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Unatapika? Unalala vizuri? Kuna sukari kwenu, kuna presha? Kuna mapacha?

"Mapacha wako kwetu," Mutie alidakia. "Lakini Sista, kama wako wawili tuambie polepole. Nina pikapu moja."

"Na hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza!" Mutie alijibu kabla swali halijatua. "Sista, hii ni gari ya shoorumu. Viti bado viko na nailoni."

"Nimemuuliza mama."

Khalayi alimtazama Mutie. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, magoti juu, kofia mkononi, anang'aa kama mtu aliyeshinda kitu. Jumamosi ilikuwa karibu mno.

"Ni kama alivyosema," akajibu.

Kalamu ya Sista ilisita kidogo kabla ya kugusa karatasi.

Akamlaza kitandani, akamfunua tumbo. Wakunga wana macho kwenye vidole. Vile vya Sista Wacera vilipapasa, vikapima, vikatulia upande mmoja wa chini, mahali ambapo ngozi ilikuwa na mistari iliyofifia, mistari ya kale. Alichukua bomba lake dogo, kama tarumbeta ya mtoto, akaliweka tumboni, akainamisha sikio.

"Baba, njoo usikie. Nyamaza tu, hiyo ndiyo kazi."

Mutie aliinama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinyamaza kabisa. Khalayi aliuona uso wake ukibadilika kwa karibu sana, nyusi zikipanda, mdomo ukiachia.

"Anakimbia," alinong'ona. "Sista, huyu anakimbia kama amefukuzwa na askari wa kanjo!"

"Ndivyo moyo wa mtoto unavyokwenda. Ni mzima."

Mutie hakuinuka. Alibaki pale, sikio kwenye bomba, na Khalayi akahisi tone la maji likimwangukia ngozini. Aliweka mkono kwenye nywele zake. Laiti dunia ingesimama hapo, kila mtu mahali pake, pasiwe na swali lingine.

Wakatolewa damu. Mutie alichomwa kidole tu, kile kipimo cha virusi ambacho wote wawili hufanyiwa, akapiga yowe la kuitwa majirani ili benchi la nje licheke. Likacheka.

* * *

Walipokuwa wakingoja majibu, Mama Mbeti alifungua kiondo chake akatoa bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bado moto, akafungua kifuniko akampa Khalayi kwa mikono miwili.

"Kula. Mtu akitolewa damu hakai na tumbo tupu."

Khalayi alilipokea. Mwaka mzima alikuwa amejipakulia mwenyewe katika nyumba ya mama huyu. "Asante, Mama."

"Ni mzima? Mtoto?"

"Anakimbia, Mwaitu," Mutie akasema. "Nimemsikia na sikio langu hili."

Mama Mbeti aliinamisha kichwa, akatengeneza kamba ya kiondo ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Mimi nilikataa kwa sababu sikukujua," alimwambia Khalayi, bila kumtazama. "Usiweke moyoni. Jumamosi nitapanda na wazee. Nimemnunulia mama yako leso. Sijui kama anapenda rangi ya samawati."

"Anapenda," Khalayi akasema, na mahindi yakageuka mchanga mdomoni.

"Kula basi. Kwani mimi nimepika mbaya?"

"Ni tamu, Mama. Ni tamu sana."

Alikuwa hajafika nusu ya bakuli walipoitwa tena.

Sista Wacera alikuwa na karatasi ya maabara. Alianza na mema: hakuna virusi, hakuna kaswende, mkojo safi. Damu ilikuwa imepungua kidogo, lakini angepewa vidonge vya kuongeza damu, na ale mboga za majani, sukuma, kunde, asiringe. Mutie alikuwa ameanza kuahidi kununua kibanda kizima cha mboga.

"Lakini kuna hili," Sista akasema. "Kundi lako la damu ni O hasi. Si ugonjwa, ndivyo ulivyoumbwa. Wengi hapa ni chanya. Sasa mtoto akirithi damu chanya ya baba, ikigusana na yako, damu yako inamwona kama mgeni. Inajifunza kupigana naye."

"Ipigane na mtoto wangu?" Mutie aliuliza. Sauti haikuwa na mzaha.

"Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama, damu inakuwa haijajifunza. Inayofuata ndiyo huwa hatarini, kama mama hakudungwa sindano yake baada ya ile ya kwanza. Tukijua mapema tunapima, tunafuatilia, mtoto anaokoka. Tusipojua..." Akaweka kalamu mezani. "Kwa hiyo nauliza tena. Mara hii mama ndiye atakayenijibu, na baba atatoka nje."

Alisimama, akaenda mlangoni, akaufungua.

"Mwache, Sista," Khalayi alisema.

"Si lazima, mama."

"Mwache. Asikie kutoka kwangu."

Mutie alikuwa amesimama nusu, mkono kwenye kiti. Akaketi tena polepole.

"Ni ya pili," Khalayi alisema. Alidhani maneno hayo yangemvunja akiyatoa, lakini yalitoka yenyewe, kama yalikuwa yamechoka kukaa. "Nilikuwa ndiyo nimemaliza kidato cha nne. Alikuja kabla ya wakati wake. Msichana. Aliishi siku moja na usiku wake, akachoka."

"Pole, mama. Sindano ulipata?"

"Hakuna mtu aliyeniambia kuna sindano."

"Alipewa jina?"

Khalayi alikuwa hajaulizwa hilo na mtu yeyote tangu siku ile. "Nelima," alisema. "Kwetu ndilo jina la aliyezaliwa msimu wa kupalilia."

Sista Wacera aliandika, safari hii bila kusita. Hewa ya chumba ilikuwa nzito. Khalayi alimgeukia Mutie, akamwona anatafuta mzaha kama mtu anavyopapasa mifuko yote akitafuta ufunguo, hii, na hii, na ile ya nyuma. Hakuupata.

"Viti vya nailoni," Mutie alisema mwishowe. "Nimesema hivyo. Na ukaniacha niseme."

"Mutie..."

"Mbele ya wazee pia. Nimeapa mbele ya Mzee Nzau, mimi mjinga, ninacheka."

"Nilikuwa jikoni siku ile. Nilishika mlango nije niseme. Halafu nikakusikia unasema wewe ndiye wa kwanza na wa mwisho, na ukoo mzima ukacheka. Ningeingia namna gani? Nibebe chai na maneno hayo kwenye trei moja?"

"Ungeniambia kabla. Usiku mmoja tu, Khalayi. Tumelala pamoja usiku ngapi?"

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa sababu ya chanjo, na mama yake akimbembeleza kwa Kiluo.

"Baba," Sista alisema kwa upole, "nitahitaji damu yako pia. Ukiwa hasi kama yeye, hakuna wasiwasi wowote. Na mama nitamtoa nyingine kidogo, tuone kama damu yake imeshajifunza vita. Unaweza kukataa."

Mutie alikunja mkono wa shati. Aliunyoosha mkono juu ya meza, mshipa ukaonekana.

"Toa, Sista. Huyo mdogo hajamdanganya mtu."

Sindano iliingia. Hakupiga yowe.

* * *

Mama Mbeti alijua kabla hawajaketi. Mama hujua. Alimtazama mwanawe, akamtazama Khalayi, akasema, "Mtoto amekufa?"

"Hapana, Mwaitu. Mtoto ni mzima."

"Basi mbona nyuso zenu ziko hivyo?"

Mutie alitazama kofia yake. Kwa hiyo Khalayi alisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, wakiwa wamesimama kando ya mfereji uani, mbali kidogo na benchi. Mama Mbeti alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Wala hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kama angepiga.

"Pole," alisema. "Kuzika mtoto si mchezo. Mwanamume alikuwa nani?"

"Anaitwa Shitanda. Ng'ambo ya mto, kwetu."

"Alileta kitu kwa baba yako?"

Khalayi alitazama maji ya mfereji.

"Nimekuuliza, mwanangu. Alileta kitu?"

"Ng'ombe mmoja."

"Alirudishwa?"

"Hapana, Mama. Yuko. Ameshazaa."

"Aiya." Mama Mbeti alishika kifua. "Ameshazaa! Basi wewe ni mke wa mtu."

"Mama, kwetu sivyo. Shitanda alishaoa, ana watoto. Yule ng'ombe hakuwa wa mahari."

"Kwenu. Mimi nakuambia kwetu. Mbuzi wetu waingie boma ambalo ng'ombe wa mwanamume mwingine anakula nyasi? Huyu akizaliwa, kesho Shitanda aje aseme mtoto ni wangu, ng'ombe wangu yuko pale, tutamjibu nini? Wazee ndio wa kwanza watakaosema mtoto si wetu. Nzau aliuliza. Mutie akaapa."

"Dawa iko," Mutie alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa ameinua kichwa, na machoni mwake kulikuwa na kitu kama taa ya mbali.

"Arudishwe. Si ni ng'ombe tu? Ijumaa napanda Bungoma na pikapu, nampakia mimi mwenyewe na ndama wake, namvusha mto, namkabidhi huyo Shitanda mbele ya mashahidi. Jumamosi wazee wanakuta boma safi. Mwaitu, hiyo si inatosha?"

Mama Mbeti alifikiri. "Akirudishwa," alisema polepole, "hakuna mtu atakuwa na neno."

"Unaona?" Mutie alimsogelea Khalayi. Alimshika mikono yote miwili. "Nimeumia, sikufichi. Nitaumia bado. Nitakununia hata mwezi mzima, utapika na sitasifu. Lakini nitakununia ukiwa nyumbani kwangu. Mpigie baba yako simu sasa hivi. Sema tu ng'ombe arudi."

Baba yake angekubali. Khalayi alijua hilo. Neno moja kwenye simu, na Jumamosi ingekuja na mbuzi wake na leso yake ya samawati. Alimtazama Mutie, yale macho, ile taa. Alitaka sana kusema ndiyo, hata midomo ikafunguka.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Hujui ng'ombe yule alikuja kwa nini." Alivuta pumzi. "Nelima alipokufa, baba alikataa azikwe kwetu. Alisema mtoto wa binti asiyeolewa halali bomani mwake. Tukampeleka kwa kina Shitanda. Mama yake akasimama mlangoni akasema, huyu ni nani kwetu? Hakuna kitu tumewahi kupeleka, si wetu. Mutie, nilikaa naye chini ya ukuta wao, nimemfunga kwenye leso, tangu asubuhi. Huku hawamtaki, kule hawamjui. Jua likazunguka upande wa pili. Ndipo babake Shitanda akafungua zizi, akatoa ng'ombe, akamkokota mwenyewe akamvusha mto mpaka kwa baba. Aliporudi ndipo kaburi lilipochimbwa. Wakamlaza karibu na kaburi la nyanya yao."

Mutie aliinamisha kichwa.

"Ng'ombe akirudi," Khalayi aliendelea, "watasema basi, hatukumchukua. Wewe unaona ng'ombe. Mimi naona hicho ndicho kitu pekee mwanangu alichopewa."

"Lakini ameshalala, Khalayi," Mutie alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nelima ameshalala."

"Amelala kwao. Ukimrudisha ng'ombe, atakuwa mgeni aliyelala kwa watu."

Mama Mbeti aligeuza uso. Alichukua ncha ya kitambaa chake akajifuta macho, mara moja, haraka. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, na ulaini wenyewe ndio uliouma.

"Nimesikia. Mimi ni mama, nimesikia sana. Lakini hilo ndilo linalonifunga mikono zaidi, mwanangu. Umemzika mtoto kwao. Kwa damu na kwa udongo, wewe ni wa kwao. Mimi siwezi kupeleka mbuzi juu ya hilo."

"Mchague aliye hai!" Mutie alilia, bila kujali benchi lote lililokuwa limenyamaza kuwasikiliza. "Huyu nimemsikia leo! Anakimbia! Mchague huyu!"

"Nimemchagua." Khalayi alijishika tumbo. "Ningesema ya kwanza, Jumamosi ningekuwa mke wako na hakuna mtu angejua. Nimesema ya pili kwa ajili yake. Huyu ana mimi, ana Sista, hata wewe akikuhitaji najua utakuja. Nelima hana mtu."

"Na mimi je?"

Alimgusa shavu. Lilikuwa limelowa, na ndevu za jana zikamkwaruza kiganja. Alikariri mkwaruzo huo, aubebe.

"Wewe utachekesha benchi lolote, Mutie. Utapata nyumba yoyote ikufungulie mlango."

"Sitaki nyumba yoyote."

"Najua."

Walisimama hivyo. Hakuna aliyejua nani aachilie kwanza. Mwishowe Mama Mbeti alimshika mwanawe kiwiko, bila ukali, kama unavyomshika mtu msibani. "Twende, Mutie. Wazee wanafaa kuambiwa leo. Si vizuri wafunge mbuzi bure." Kisha alisita, akainama, akaweka bakuli la muthokoi juu ya ukingo wa mfereji, karibu na Khalayi. "Umalize," alisema. "Una mtoto."

Mutie alirudi nyuma hatua, uso bado ukimwelekea. "Majibu ya damu yangu..."

"Sista ataniambia."

"Na yako, kama imeshajifunza vita? Kama mtoto..."

"Nitakutumia ujumbe."

"Niahidi. Hata kama hutaki kuniona."

"Nakuahidi."

Akageuka. Khalayi aliutazama mgongo ule ukipita kando ya benchi, akina mama wakivuta miguu kumpisha, na yule mwenye tumbo la magotini akamtazama kama anayetaka kumwambia kitu, asiweze. Kofia alikuwa bado ameishika mkononi. Jua lilikuwa kali, na hakukumbuka kuivaa.

Mlango wa Sista Wacera ulifunguliwa.

"Mama Nelima!"

Wanawake wa benchini waligeuka huku na huku, wakatazamana, kila mmoja akingoja mwingine asimame. Hakuna aliyesimama. Getini, Mutie alisimama ghafla. Hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka, na mama yake akamngoja bila kumvuta. Kisha akatoka.

"Mama Nelima, uko wapi? Majibu yametoka."

Khalayi alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita hivyo.

"Niko hapa, Sista," aliitika. "Ninakuja."